Bado Nafanya Kazi, Lakini kwa Nani? Tathmini ya Ofisi Moja ya Ushauri wa Kodi Mjini Mtwara

Ofisi ninayoitathmini hapa iko Mtwara mjini, si mbali na Soko Kuu, juu ya duka la vifaa vya shule. Ina meza mbili, benchi moja la wageni, kabati la mafaili lisilofungika vizuri na feni inayozunguka umeme unapokuwepo. Kibao cha nje kinasema kwamba wanaandaa hesabu za biashara, ritani za kodi na vitabu vya vyama vya msingi vya wakulima wa korosho. Hakuna mahali palipoandikwa neno Marekani, na kama nisingeelekezwa na mwalimu mwenzangu wa zamani nisingepanda ngazi zile hata siku moja. Jina la ofisi silitaji, wala la kampuni ya Marekani inayotunza fedha zangu za kustaafu, kwa kuwa shauri langu la adhabu ya kuchelewa kutoa sehemu ya fedha hizo bado halijaamuliwa na sipendi kuwatangulia wanaoliamua.

Nilizaliwa mwaka 1951. Nilifanya kazi Columbus, katika jimbo la Ohio, kwa miaka 21, kwanza kufanya usafi hotelini, kisha jikoni na hatimaye stoo katika nyumba ya kulelea wazee. Niliporudi nyumbani mwaka 2017 nilirejesha kibali changu cha ukaazi nikaacha huko akaunti mbili: ya kustaafu iliyo chini ya mwajiri, ambayo Wamarekani huiita 401(k), na nyingine ndogo ya mtu binafsi iitwayo IRA. Hapa Mtwara sikukaa kibarazani. Tangu mwaka 2018 ninasimamia stoo ya shule moja binafsi kwa mkataba wa mwaka mmoja mmoja, ninahesabu magunia ya maharage na mahindi kila Jumatatu, na mshahara wangu unaingia benki kila mwisho wa mwezi. Ninaeleza hayo yote kwa sababu kosa langu lilizaliwa humo humo, ndani ya maneno "bado nafanya kazi".

Msomaji ambaye hajaishi kule anahitaji kwanza kujua kwamba fedha za akaunti hizi kwa kawaida huwekwa kabla hazijakatwa kodi ya mapato. Serikali ya Marekani huziacha zikue kwa miaka mingi, lakini haikubali zikae humo mpaka mwenyewe aingie kaburini bila kodi kulipwa, na kwa hiyo sheria inamtaka mwenye akaunti, akifikia umri fulani, aanze kutoa kiasi cha chini kila mwaka, awe anakihitaji au hakihitaji. Umri huo ulikuwa miaka 70 na nusu hadi mwisho wa mwaka 2019, ukapandishwa kuwa 72, kisha sheria iliyotiwa saini Desemba 2022 ikaufanya kuwa 73 kuanzia mwaka 2023, na kwa waliozaliwa mwaka 1960 au baadaye utakuwa 75. Mimi nilitimiza miaka 73 Agosti 2024. Kwa mara ya kwanza tu sheria humpa mtu nafasi ya kupumua, kwani anaweza kuchelewesha hadi tarehe 1 Aprili ya mwaka unaofuata, na baada ya hapo mwisho ni tarehe 31 Desemba ya kila mwaka.

Hapa kwetu jambo hili linachanganya kwa sababu limekaa kinyume na tulivyozoea. Mtumishi wa umma wa Tanzania anaweza kustaafu kwa hiari akiwa na miaka 55 na analazimika kustaafu akiwa na 60. Mafao yake hukokotolewa kwa kanuni inayotazama mshahara na miezi aliyochangia, sehemu akapewa kwa mkupuo na sehemu akalipwa kila mwezi maisha yake yote. Huku, basi, anayelazimishwa kutoka ni mtu. Kule mtu anaweza kuendelea na kazi hadi miguu imshinde, ila fedha zake ndizo zinazoonyeshwa mlango. Nilipomweleza jirani yangu wa Shangani, mwalimu mstaafu, kwamba kuna serikali inayotoza adhabu kwa mtu aliyeacha akiba yake benki, alicheka mpaka akaweka kikombe chini, akaniuliza kama hizo fedha nilikuwa nimeziiba.

Kosa langu lilianza kwa ushauri wa kweli. Yuko dada mmoja wa Newala ambaye tulifanya naye kazi kuanzia hotelini hadi nyumba ya wazee, naye hadi leo yuko pale pale Columbus, jikoni, akiwa na umri wa miaka 74. Desemba 2024 aliniambia kwa simu kwamba yeye hajatoa hata senti moja, kwa kuwa sheria inawasamehe wanaoendelea na kazi. Alikuwa sahihi kabisa kuhusu akaunti yake ya pale. Nami nikajiona niko sahihi kuhusu yangu, maana nani angesema kwamba sifanyi kazi, na vumbi la magunia lingali mabegani?

Januari 2025 nikaona heri nithibitishe. Niliipigia kampuni inayotunza akaunti saa 11 jioni, ambayo kipindi hicho cha mwaka ni saa 3 asubuhi ya Ohio, nikasikilizishwa muziki kwa dakika zisizopungua 40, kisha akapokea kijana mwenye adabu nyingi. Aliniuliza umri, nikamtajia. Akaniuliza, "Je, bado unafanya kazi?" Nikajibu ndiyo. Akaniambia kwamba basi sina ulazima wa kutoa chochote mpaka nitakapostaafu, akanitakia jioni njema. Hilo ndilo shauri lote nililopata kutoka kwa kampuni inayonikata ada kila robo mwaka, na kwa huduma hiyo ninaipa nyota mbili kati ya tano, zote mbili zikiwa za adabu ya yule kijana.

Nilifika kwenye ofisi ya Mtwara tarehe 10 Machi kwa jambo jingine kabisa, kutaka kujua kama fedha hizo, nitakapozitoa, zitakuwa na kodi huku nyumbani. Mwenye ofisi ni mama wa makamo aliyeanza kazi za makaratasi ya kigeni miaka ya ujenzi wa bomba la gesi la kutoka Mtwara hadi Dar es Salaam, alipokuwa akiwaandalia hesabu wageni waliokuja na makampuni ya uchimbaji. Aliniamkia, akanivutia kiti, akasoma taarifa zangu za akaunti ukurasa kwa ukurasa bila kusema neno, huku akipigia mistari kwa penseli. Nilipomweleza kwamba nimesamehewa kwa sababu bado nafanya kazi, aliinua kichwa.

"Mzee wangu, unamfanyia kazi nani?"

Nikamtajia shule. Akageuza karatasi ya kwanza, akaweka ncha ya penseli kwenye jina la nyumba ya wazee ya Columbus, akaniuliza kama hao ndio wanaonilipa mshahara siku hizi. Sikuwa na jibu. Swali hilo moja, ambalo kitengo kizima cha huduma kwa wateja hakikuliuliza, ndilo linaloipa ofisi hii sifa mbele yangu.

Msamaha ule, alinieleza, umefungwa kwa mwajiri. Mtu anayefanya kazi husamehewa kuhusu akaunti ya mwajiri anayemtumikia sasa, mradi mpango wa mwajiri huyo unaruhusu, na anaweza kungoja hadi tarehe 1 Aprili ya mwaka unaofuata ule atakaoacha kazi hapo. Anayemiliki zaidi ya asilimia 5 ya kampuni inayomwajiri hapewi msamaha huo, kwa hiyo mwenye duka hawezi kujiajiri mwenyewe hadi uzeeni akafungia fedha zake. Akaunti ya mwajiri wa zamani haina msamaha, hata kama mwenyewe anafanya kazi mchana na usiku mahali pengine, na IRA haina msamaha wa kazi kwa yeyote. Kwa hiyo dada yangu wa Newala alikuwa huru kwa sababu hakuhama. Mimi nilihama, na kazi ninayoifanya Mtwara mbele ya sheria hiyo haina uzito wowote.

Hesabu yenyewe aliifanya mbele yangu kwenye karatasi ya nyuma ya kalenda. Huchukuliwa salio la tarehe 31 Desemba ya mwaka uliotangulia, likagawanywa kwa namba iliyo katika jedwali la umri, na kwa mwenye miaka 73 namba hiyo ni 26.5. Akaunti yangu ya 401(k) ilikuwa na dola 47,700 mwishoni mwa mwaka 2023, kwa hiyo nilitakiwa kutoa dola 1,800. IRA ilikuwa na dola 5,300, ikaja dola 200. Mwaka unaofuata namba hushuka kuwa 25.5, na salio la mwisho wa mwaka 2024 la 401(k), dola 49,215, lilidai dola 1,930. Kwa kuwa nilikuwa nimeingia kwenye miezi ile ya nyongeza, malipo ya miaka miwili yalikuwa yameangukia mwaka mmoja wa 2025. Kwa anayeishi Marekani na kutozwa kodi inayopanda kadiri mapato yanavyopanda, mrundikano huo waweza kumpandisha daraja. Mimi siishi huko na si raia wa huko, na hakuna mkataba wa kodi ya mapato kati ya Tanzania na Marekani, hivyo kampuni ilizuia asilimia 30 moja kwa moja: katika dola 1,800 zikabaki 1,260.

Nikajaribu ujanja wa mwenye duka. Nilimwambia kwamba IRA ndiyo rahisi kufungua, naomba nitoe dola zote 2,000 huko, niiache ile kubwa ipumzike. Alikataa. Mwenye IRA kadhaa anaweza kujumlisha hesabu zake akatoa zote katika mojawapo, lakini akaunti ya 401(k) hulipa deni lake yenyewe, na kila moja kivyake kama mtu anazo mbili. Akaongeza kwamba kiasi kilichotolewa kwa lazima hakiwezi kurudishwa katika akaunti nyingine ya namna hiyo, jambo ambalo pia nilikuwa nalipigia hesabu kichwani kabla hajalizungumza.

Dola 200 za IRA zilitoka tarehe 14 Machi kwa kubonyeza tu kwenye tovuti. Za 401(k) ndizo zilizotutoa jasho. Kampuni ilidai fomu ya karatasi yenye saini iliyopigwa mhuri maalumu wa dhamana, ambao hutolewa na benki za Marekani kwa wateja wake. Tulizunguka benki mbili za hapa mjini, na katika ya pili meneja mwenyewe alitoka, akautazama mfano wa mhuri kwenye simu, akasema kwa upole kwamba yeye anayo mihuri minne na hakuna unaofanana na huo. Baada ya simu tatu za jioni na barua pepe nyingi, kampuni ilikubali saini iliyothibitishwa na wakili wa hapa. Wakili alipiga mhuri wake, tukaskani, tukatuma.

Hapo ndipo ofisi yangu hii ilipojikwaa, nami sina budi kulisema kwa uwazi ule ule niliotumia kuisifu. Fomu ilijazwa tarehe 12 Machi, na mama yule akaandika kama tunavyoandika sote: 12/3/2025. Marekani mwezi hutangulia siku. Kule mezani kwao karatasi ilisomeka kwamba mzee wa Mtwara ametia saini tarehe 3 Desemba, miezi tisa mbele, na mashine ikaikataa kwa kuwa na tarehe ambayo haijafika. Taarifa ya kukataliwa haikuja kwa simu wala kwa barua pepe, iliwekwa ndani ya tovuti, katika kisanduku cha ujumbe ambacho hakuna aliyekifungua hadi tarehe 28. Mtu aliyewaandalia wageni makaratasi kwa miaka mingi alipaswa kuandika mwezi kwa herufi. Alikiri bila kuzungukazunguka, akaniomba radhi mbele ya wateja wengine waliokuwa kwenye benchi, akaandika upya, akanilipia wakili kwa mara ya pili. Fedha zilitoka tarehe 9 Aprili, siku nane baada ya mwisho.

Adhabu ya kuchelewa ni kodi ya asilimia 25 ya kiasi ambacho hakikutolewa kwa wakati, nayo kabla ya sheria ya 2022 ilikuwa asilimia 50. Kwangu ni dola 450. Hushuka hadi asilimia 10, yaani dola 180, iwapo mtu atarekebisha kosa ndani ya muda uliowekwa, ambao kwa kawaida hufika mwisho wa mwaka wa pili baada ya ule wa kosa, na anaweza kuomba asamehewe yote ikiwa upungufu ulitokana na kosa la kueleweka na tayari amechukua hatua ya kulisahihisha. Maombi hufanywa kwa Fomu 5329 pamoja na barua ya maelezo. Barua yangu aliiandika yeye, ukurasa mmoja, ikitaja simu ya Januari, mhuri uliokosekana na ile tarehe iliyosomwa kinyume, na haikuficha kwamba kosa la tarehe lilikuwa la ofisi yake. Tuliituma Februari 2026 pamoja na ritani ya mwaka 2025. Hadi ninapoandika haya majibu hayajarudi.

Kuhusu gharama, nilitozwa shilingi 50,000 kwa mazungumzo ya kwanza na 150,000 kwa fomu zote za mwaka huo, na Fomu 5329 pamoja na barua yake hakunitoza. Kwa Mtwara si bei ndogo. Mwenye akaunti iliyobakiwa na dola mia mbili tatu atajiuliza kama inafaa kupanda ngazi. Risiti ya mashine nilipewa baada ya kuiomba, nami ningependelea ije bila kuombwa. Kuna siku mbili nilikaa benchini hadi saa 8 mchana kwa kuwa ulikuwa msimu wa kufunga hesabu za vyama vya msingi na makarani kutoka Tandahimba walikuwa wamejaza chumba kwa mafaili, na mmoja wao alinigawia ming'oko ya kuchemsha iliyofungwa kwenye gazeti, jambo ambalo kwa haki siwezi kuliandika upande wa lawama. Mtandao hukatika. Atakayekuja aje asubuhi, aje na taarifa za akaunti zilizochapishwa, kila akaunti na jina la mwajiri wake, na aandike pembeni ni nani kati ya hao anayemlipa leo.

Utoaji wa pili, wa mwaka 2025, tulishughulikia Oktoba, mapema, na tarehe ikaandikwa kwa maneno kila mahali. Fedha zilifika benki yangu katika siku tisa. Katika kazi hiyo sikuona kasoro yoyote, na laiti ningekuwa nimekuja kwao mwaka huo tu, ningewapa nyota tano bila kusita. Kwa ile 12/3 ninawapa nne.

Yule dada wa Newala nilimpigia mwezi uliopita ili nimweleze kwamba ushauri wake ulikuwa sahihi kwake na kosa kwangu. Nilimsimulia habari ya swali lile, unamfanyia kazi nani, naye akanyamaza kwa muda hadi nikadhani simu imekatika. Kisha akaniuliza polepole kama ninakumbuka ile hoteli tuliyoanzia kufanya usafi, kwa maana na kule tulikuwa tukikatwa akiba ya kustaafu kila wiki mbili, mimi zangu nilizihamishia IRA nilipoondoka, yeye zake hakuwahi kuzigusa, na barua zake huwa anaziweka kwenye droo bila kuzifungua. Anaishi nusu saa kwa gari kutoka ofisi za kampuni kubwa za fedha. Aliniomba namba ya ofisi ya Mtwara.